Laptop Iliyolilia Jina

Emmy Nasambu alikuwa akimenya yai la kuchemsha wakati laptop ya ofisi ilipoteleza mezani na kuanguka chini. Ilitua kwa kona, juu ya sakafu ya simiti, kwa ule mlio unaomfanya mtu afumbe macho kabla hajaona hasara. Emmy aliweka yai juu ya karatasi yenye chumvi, akainama, akaiinua. Kioo kilikuwa kizima. Bawaba zilikuwa zimekaza. Majina ya wakulima yalikuwa pale pale alipoyaacha. Kisha laptop ikaanza kulia.

Ililia kilio cha mtoto mchanga, kile cha kukata pumzi na kuanza upya. Emmy akapunguza sauti kwa kidole. Haikupungua. Akaizima. Ikaendelea kulia ikiwa imezimwa.

Wakulima waliokuwa kwenye foleni walisogea kidogo ili waone vizuri. Kile kilikuwa chama cha ushirika cha wakulima wa mahindi, hapo Kitale, na watu walikuwa wamekuja kuulizia mbolea.

"Iko na njaa," mama mmoja alisema.

"Nimeitoa kwa chaja sasa hivi," Emmy alijibu. "Imeshiba."

"Basi imeumia."

Meneja, Bwana Matthew Kimaiyo, alitoka ofisini mwake. Alikuwa mtu asiyependa kelele wala kungoja. Alituma watu wamwite Kipngetich, fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda nyuma ya posta. Kipngetich alikuja na bisibisi zake ndogo, akaifungua laptop tumbo, akaichungulia kwa tochi ya simu huku ikimlilia usoni.

"Hii iko sawa, bosi," alisema. "Hakuna kitu imekatika. Zingine zikianguka hivi, kioo inabaki kama ramani. Hii ni ngumu, bana."

"Na kulia?"

"Kulia si yangu. Mimi natengeneza yenye imeharibika."

Meneja alimgeukia Emmy. "Madam, wewe ndio unaijua. Enda nayo nyumbani wikendi, uone vile utafanya."

Emmy alikubali haraka kupita kiasi. Alikuwa na sababu.

Haikuwa mara ya kwanza laptop ile kuanguka. Mara ya kwanza ilikuwa msimu wa palizi, na siku hiyo haikulia. Emmy ndiye aliyeiangusha. Ofisi ile ilikuwa na tabia mbaya ya kubeba laptop ikiwa wazi, mkono mmoja umeshika kioo kwa kona kama sahani ya wali, mkono wa pili una kikombe cha chai, kwa sababu meneja akitaka kuona hesabu alitaka kuziona papo hapo. Emmy alikuwa akimpelekea hivyo alipojikwaa kwenye waya wa chaja. Aliokoa chai.

Kui alikuwa humo chumbani. Alikuwa karani wa muda, mwanamke wa rika la Emmy, wa familia iliyohamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri tangu enzi za babu yake. Alikuwa akingoja kuthibitishwa kazini, na meneja alikuwa amemwambia kwamba safari hii hakuna kikwazo. Yeye na Emmy walikula mchana kwenye bakuli moja, githeri ya Kui na mboga za Emmy. Laptop ilipoanguka, Kui aliinama kuiokota kabla Emmy hajameza mate. Kwa hiyo meneja alipofungua mlango alimkuta Kui ameishika mikononi, kioo ni cheusi, na Emmy amesimama kando na kikombe chake kimejaa.

"Nani ameangusha?" meneja aliuliza.

"Ni Kui," Emmy alisema.

Hakuwa amepanga. Lilimtoka kama chafya. Lakini mtu akipiga chafya huomba radhi, naye hakuomba. Kui alimtazama akangoja. Alingoja kwa heshima kabisa, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kumaliza sentensi. Kisha akaiweka laptop mezani taratibu, akachukua sweta yake, kwa kuwa meneja alikuwa ameshasema aende na asirudi.

Kesho yake Emmy alibonyeza kitufe na laptop ikawaka, nzima kama siku iliyonunuliwa. "Kumbe haikuharibika," meneja alisema, akaagiza chai. Hakuna aliyempigia Kui arudi. Kiti chake kilikuwa kimeshapelekwa kwenye chumba cha mikutano, ambako viti vilikuwa havitoshi, na meneja alisema neno la meneja halirudi nyuma. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Emmy alikuwa akiitembea njia hiyo tangu palizi hadi mavuno, na bado ilikuwa inaendelea mbele yake, pana, na kila mtu akimsalimia.

Jumamosi aliifunga laptop mgongoni kwa leso akaenda kwa mama yake Tongaren. Mgongoni ilishusha sauti kidogo lakini haikunyamaza. Mama yake alikuwa ameketi uani akipukuchua mahindi. Alisikiliza, akasikiliza tena, kisha akaifungua leso mwenyewe na kuipakata.

"Si mgonjwa," alisema. "Hii raptop yenu inaria jina."

Kwao hilo lilijulikana. Mtoto akilia bila homa wala njaa, hutajiwa marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na likifika jina la yule anayetaka kurudi, mtoto hunyamaza. Emmy mwenyewe alinyamazia jina la Nasambu, nyanya yake. Basi mama yake akaanza na mumewe, marehemu Nyongesa. Laptop ikalia. Akamtaja shangazi wa Cheptais aliyekufa akijifungua. Ikalia. Akamtaja Khisa, shemeji yake aliyeuza ng'ombe wa watu na kufia kwenye pombe, na laptop ikalia zaidi, naye mama akasema hata angekuwa yeye angelia. Majirani waliokuja kusalimia waliongeza marehemu wao kwa ukarimu. Hakuna aliyepokelewa.

Jina Emmy alikuwa nalo. Lilikuwa limemkaa kooni tangu ofisini, tangu yai. Mama yake alipokwenda kisimani, aliikumbatia laptop, akaangalia huku na huku kama mwizi wa kuku, akasema kwa sauti ya chini, "Kui."

Laptop ikanyamaza. Ikavuta pumzi moja ndefu kupitia feni yake, ikalala.

Mama yake alikuwa hajaenda mbali. Alirudi na mtungi mtupu. "Umeita nani?"

"Mtu wa ofisi, Mayi."

"Arikufa rini?"

"Hajakufa. Ako tu hapo Kitale. Anauza vitunguu sokoni."

Mama yake aliketi. Alichukua gunzi, akalitazama, akaliweka chini. "Mtoto hapewi jina ra mtu anapumua," alisema. "Kama rimekubari, basi huyo mtu mrimzika mzima."

Uso ulimwaka Emmy. Alitamani mama yake amgombeze kama zamani, amrushie hata hilo gunzi, lakini mama yake alimwangalia tu kama mtu anayemwangalia mgeni na kujaribu kukumbuka ni wa nani.

"Enda umfukue," mama alisema, akarudi kwenye mahindi yake.

Njia nzima ya kurudi Kitale Emmy alijizoeza. Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu, ni mimi, na hata mtoto wa nasari huyasema mlangoni akiulizwa nani anabisha. Aliyasema akifua, akayasema akipiga pasi. Jumatatu aliamka akiwa anayaweza kabisa.

Meneja alikuwa amewakusanya wafanyakazi wote. Laptop ilikuwa mezani, kimya. Joan wa mapokezi alipotaka kuisogeza iliteleza ikaanguka, kwa kuwa siku hizi ilikuwa ikianguka bila kusukumwa sana, na ikaanza kulia.

"Inaitwa Kui," Emmy alisema. Joan akaliita jina, na laptop ikanyamaza. Watu wakapiga makofi.

"Bosi, kuna kitu nataka kusema," Emmy alisema. "Ile siku ya kwanza..."

"Hata usiseme!" Meneja alipiga goti lake kwa kiganja. "Nimeelewa. Si Kui ndiye aliiangusha? Mtoto hawezi sahau mtu amemwangusha. Hii kitu imekuwa ikilia kutushtakia, na sisi hatusikii!"

Wote wakakubali kwamba ndivyo. Joan alisema yeye alikuwa ameanza kumwonea Kui huruma, lakini sasa ameona kwa macho yake. Mtu mmoja akasema mashine haina upendeleo. Wakamgeukia Emmy, aliyekuwa shahidi tangu mwanzo, nao walimtazama kwa heshima mpya. Meneja alikuwa bado anatabasamu.

"Ulikuwa unataka kusema nini, Madam?"

"Ilikuwa hiyo tu," Emmy alisema.

Aliona aibu hata ya mikono yake. Alikwenda chooni akanawa, akarudi, akafungua majina ya wakulima.

Tangu siku hiyo laptop ilipata kila ajali ambayo laptop inaweza kupata. Ilimwagiwa chai ya maziwa, ikalia, ikaitwa Kui, ikanyamaza, na herufi zake zote zikaandika. Ilidondoka kutoka kwa bodaboda kwenye barabara ya Suam, lori la mbao likaipitia katikati ya magurudumu, na mwendesha boda akashuka kuiita Kui kwenye matope. Mtoto wa Joan aliikalia. Paka aliilalia. Paa lilivuja wikendi nzima ya mvua, wakaikuta Jumatatu ikielea kwenye beseni na kulia, na Kipngetich akaja kuiona bila kulipwa, kwa mapenzi tu ya kazi. Alisema laptop nyingi haziuawi na sakafu. Zinauawa na kushikwa kwa kioo na mtu mwenye haraka. Emmy alijifanya anatafuta kalamu.

Chama kiliomba mashine mpya kikakataliwa, kwa sababu iliyopo haivunjiki. Kwa hiyo jina liliitwa ofisini siku nzima, kwa ukali, kwa kubembeleza, na kwa mdomo uliojaa chapati. Wakulima nao walilizoea. Hakuna karani aliyewahi kuitwa sana katika ofisi ile kama Kui, na wala hakuwa na kiti.

Emmy alihamia njia nyingine ya kwenda nyumbani, ndefu, isiyopita kwenye vitunguu. Alifaulu kwa muda. Lakini siku ya soko meneja alimtuma apeleke hesabu kwa mwenyekiti wa chama aliyekuwa akinunua gunia la viazi, na kwa kuwa mwenyekiti naye hakupenda kungoja, Emmy aliibeba laptop ikiwa wazi, mkono mmoja kwenye kona ya kioo. Mkokoteni wa kabeji ulimgusa kiwiko.

Laptop ilianguka kati ya mafungu ya vitunguu. Ikaanza kulia.

Kui alikuwa ameketi nyuma ya mafungu hayo, na aproni ya kitenge, akimpimia mteja. Alikuwa amekonda. Emmy alimwona, na Kui akamwona. Laptop ililia, na Emmy akasimama tu, kwa sababu jina alilotakiwa kuita lilikuwa limeketi mbele yake likimtazama. Akaiacha ilie. Watu walianza kusimama. Mama mmoja aliuliza ni mtoto wa nani anaachwa alie hivyo juani, na hapakuwa na pa kuficha uso.

Kui aliweka kopo lake chini, akazunguka mafungu, akainama. Aliiokota laptop kama alivyoiokota siku ile, kwa mikono miwili, kutoka chini, kama inavyopaswa kushikwa. Akaanza kuitikisa kidogo kifuani. Haikunyamaza.

"Sasa, Emmy," alimsalimia.

"Sasa, Kui," Emmy angejibu, lakini hakuthubutu.

Mwenyekiti wa chama alifika, gunia la viazi limebebwa nyuma yake. Aliwaangalia wote wawili, yule aliyeishika laptop na yule aliyesimama mikono mitupu.

"Ai, nani ameangusha?" aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira. Hakuwa na wa kumfukuza hapo sokoni, na mashine ilikuwa nzima, kila mtu aliona. Lilikuwa swali la kupitisha wakati tu, la mtu anayetafuta pa kuweka viazi. Kui alimgeukia Emmy akangoja, kwa heshima ile ile, na hata mteja wa vitunguu akangoja. Emmy alifungua mdomo. Yale maneno mawili alikuwa nayo, yamepigwa pasi tangu Jumatatu ile.

"Kui," alisema.

Laptop ikanyamaza hapo hapo.

"Ah," mwenyekiti alisema, akaitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta mkokoteni. Watu walitawanyika. Kui aliifuta laptop vumbi kwa pindo la aproni yake, kona zote, akaifunga, akamkabidhi Emmy, akarudi kumalizia mteja wake. Emmy aliigeuza juani akaikagua. Haikuwa na hata mkwaruzo.