Mwiko wa Bwawa la Juu

Ukiacha siasa, kazi pekee inayomlipa mtu kwa kutia chumvi ni hii ya kuwatembeza wageni, na Garae aliipenda kwelikweli. Meli ilipotia nanga mbele ya kijiji chao kisiwani Maewo, yeye ndiye aliyeshuka ufukweni na shada la maua, akawapandisha wageni hadi kwenye maporomoko ya maji, huku akieleza. Wageni wana swali moja tu, nalo huliuliza kwa kila kitu: hiki ni cha zamani? Garae alikwisha gundua kwamba ukijibu ndiyo, wanatoa kamera, na ukijibu hujui, wanatazama saa. Basi kijiji kizima kikazeeka ghafla. Ukuta aliojenga mkwewe baada ya kimbunga ukawa wa mababu. Jiwe lililoporomoka juzi likawa chifu aliyegeuzwa jiwe kwa wivu wake.

Siku moja mama mmoja mwenye kofia pana akauliza kwa nini wenyeji hawaogi kwenye bwawa la juu. Ukweli ni kwamba maji yale yanauma mifupa kwa baridi, na ukioga kule, wanawake wanaochota chini wanakunywa sabuni yako, nao wakikukamata utajuta kuzaliwa. Lakini nani avuke bahari kuja kusikia hayo? Garae akashusha sauti. Akasema bwawani anakaa bibi wa kale asiyevumilia wanaume wachanga. Mwanamume wa hapa ambaye hajaua nguruwe wa jino la duara haruhusiwi kukanyaga maji yale wala kuyavuka. Wageni ruksa, kwa kuwa bibi hajui majina yao. Yule mama alishika kifua chake. Kamera zikalia mpaka ndege wakaruka.

Utashangaa kwamba wenzake hawakumcheka. Kule hadithi ni mali kama shamba, kila ukoo una zake, na ukisema hadithi ya ukoo wa mwenzio ni uongo unatozwa mkeka mwekundu wa kusukwa na unaona aibu mwaka mzima. Wakadhani ni ya ukoo wa mama yake Garae. Aliyeweza kukana ni mtu mmoja tu, mjomba wake Boe, mwenye hadithi zote za ukoo huo. Habari zilipomfikia mzee huyo, Garae alijificha nyuma ya jiko la mkewe. Mzee akamfuata hukohuko.

"Umeharibu, mpwa wangu," akasema. "Umesahau jicho lake. Yule bibi ana jicho moja."

Tangu siku hiyo Boe akawa anapanda na wageni, akimsahihisha mpwa wake mbele za watu juu ya hadithi ambayo mpwa aliizua mwenyewe. Bibi akapata jicho moja, kisha nywele za mwani, kisha mume aliyemkimbia. Vijana wa kijiji nao waliipokea mila hii kwa machozi ya furaha. Mashamba ya magimbi yako ng'ambo ya bwawa lile, na wao hawakuwa wameua nguruwe wa jino hata mmoja. Wangefanyaje? Waliuheshimu utamaduni. Wakashinda kutwa wamelala kwenye nakamali, nyumba ya wanaume ya kunywea kava, na wake zao wakalima peke yao.

Mambo yangeishia hapo kama bwana mmoja wa ofisi ya utalii asingekuja kutoka mji mkuu, na viatu vyake vyeupe. Alikuwa amesikia juu ya bibi. Akasema mila adhimu kama hii lazima ilindwe, akapendekeza kibao cha rangi. Chifu Vira akasema vibao vinaoza. Yeye angeweka jani la namele, kama walivyofanya waliomtangulia. Nakamali nzima ikaweka vifuu vya kava chini. Jani la namele likishachomekwa mahali, mwiko umefunga, na hakuna awezaye kuufungua ila kwa nguruwe.

Garae alikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo alikwisha kuufungua. Lakini yule bwana wa viatu vyeupe alikuwa ndio kwanza anamvisha kofia yenye maandishi ya dhahabu, akimtangaza Mlinzi wa Utamaduni, na kofia ilimkaa vizuri. Akaufunga mdomo. Chifu akapanda, akachomeka jani kando ya bwawa.

Garae alipotaka kwenda kumlisha nguruwe wake asubuhi iliyofuata, ndipo alipoona alivyojipalia makaa.

Nguruwe huyo aliitwa Waziri, kwa sababu alikula bila kufanya kazi na hakuna aliyethubutu kumkaripia. Aling'olewa meno ya juu akiwa mdogo ili la chini likue bila kizuizi, na tangu hapo Garae alimlisha magimbi ya kuchemsha kwa mkono wake, miaka hiyo yote, kwa kuwa mnyama wa namna ile hawezi kuchimbua mwenyewe. Jino lilikuwa limezunguka likakaribia kukutana. Baada ya mavuno ya viazi vikuu Garae angemwongoza kwa kamba hadi uwanjani, angemuua kwa rungu mbele ya watu wote, na angepanda daraja. Angepata jina jipya na moto wake mwenyewe ndani ya nakamali. Hakutaka kitu kingine duniani. Na Waziri alikuwa amefungwa ng'ambo ya maji. Kuvuka kulimtaka mtu aliyeua nguruwe wa jino, na nguruwe wake wa jino alikuwa huko asikoweza kuvuka.

Hilda, mkewe, ndiye akawa anampelekea Waziri chakula, baada ya kulima, kabla ya kupika. Alivumilia mpaka siku alipoteleza na kapu bwawani.

"Baba Rosita," akamwambia, nguo zikimchuruzika maji, "huyo bibi yako nimemtafuta mpaka chini kabisa. Hayupo. Sasa uende ukamwambie chifu, au mimi na wenzangu tuone hiyo laplap yako ya magimbi nani atakupikia."

Na kweli jioni ile hakuna jiko lililowashwa. Vijana waliokuwa wakiuheshimu utamaduni wakaanza kumtazama Garae kwa jicho baya.

Akaenda nakamali. Akapewa kifuu cha kava, akakinywa, akangoja ulimi ufe ganzi kidogo, kisha akasema yote: kwamba bibi hayupo, hajawahi kuwapo, alimzua ili mama wa kofia pana afurahi. Alijisikia mwepesi. Akadhani wangecheka, jani ling'olewe, naye alale.

Aliyeinuka wa kwanza ni mjomba Boe. "Yaani unasema hadithi ya ukoo wangu ni uongo?"

"Mjomba, si niliizua mimi?"

"Jicho ulizua wewe?"

Jicho kweli hakulizua Garae.

Chifu Vira alimsikiliza kila mtu mpaka mwisho, hakukasirika, na hapo Garae akaogopa. Chifu akasema kama bibi yupo au hayupo, hayo ni ya wenye hadithi. Yeye aliweka jani. "Jani haliulizi liliwekwa kwa sababu gani, mwanangu. Linauliza nguruwe yuko wapi."

Kijiji kizima kilijua yuko wapi.

Wakamteremsha Waziri siku ambayo meli ilikuwa imetia nanga. Mwenyewe Garae hakuruhusiwa kuvuka kumfungua. Alisimama upande wa huku wa maji, akamtazama mnyama wake akija na kamba mkononi mwa mtu mwingine. Waziri alipomwona akaharakisha, akidhani ni chakula. Chifu akamuua palepale kando ya bwawa, akang'oa jani, njia ikafunguliwa. Alikuwa nguruwe wa kufungulia mwiko, na nguruwe wa mwiko hampandishi mtu daraja. Jino lake likapelekwa kwenye nguzo ya nakamali ya chifu. Garae alilia na hakujificha.

Wageni walipiga picha za machozi yake pia.

Mjomba Boe alikwisha kuwakusanya, anawaeleza, mikono hewani. Tangu enzi za mababu, alisema, yeyote anayedanganya juu ya bwawa hili humpoteza nguruwe wake aliye bora kuliko wote. Ndivyo bibi anavyotaka.

Msichana mmoja mwenye kamera shingoni akamgeukia Garae, akatazama ile kofia ya maandishi ya dhahabu, akamuuliza kwa upole kama ni kweli.

Garae akatazama kamba tupu iliyolala kwenye matope. Akamwambia ndiyo, ni kweli kabisa. Hajawahi kumjibu mgeni ukweli kama siku ile.