Usaili Chini ya Paa la Nyasi

Siku Esteria Malale alipoitwa kwenye usaili wa chuo cha biashara cha India, mumewe Zablon hakwenda kazini. Alimwendea mkuu wa shule, akamwambia bila kuficha kwamba mke wake ana mtihani mzito kuliko yote ambayo yeye amewahi kuisahihisha, akapewa ruhusa.

Zablon alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja ya mjini Mpanda, Mpimbwe wa Usevya, mtu wa taratibu anayepiga pasi shati lake hata siku ya kwenda kupalilia. Esteria alikuwa binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Katavi na ng'ombe wao wakati yeye bado anabebwa mgongoni. Walikutana Morogoro wakisoma, wakaoana, wakapanga chumba mtaa wa Makanyagio, na baadaye wakajenga huko huko nyumba yao ya bati wanayoishi na binti yao Odeta.

Mtaani Esteria alijulikana kwa maziwa. Aliporudi kutoka chuoni aliona jambo ambalo wengine walilizoea kiasi cha kutoliona: wakati wa mvua wafugaji wa kijiji cha Mwamkulu walikuwa na maziwa hadi wakayamwaga, na huku mjini watu walikoroga chai kwa maziwa ya unga. Akaanza na madumu ya kukodi na pikipiki ya kukodi. Akina mama walimcheka, maana kwao maziwa ni ya nyumbani, mtu haendi kuyauza kama dagaa. Lakini alikuwa na subira ya mtu aliyekua akichunga. Alikaa nao, akanywa uji wao, akaongea Kisukuma chao, na msimu ulipogeuka tayari wanawake wa vijiji vitatu walikuwa wakimletea maziwa kila alfajiri, naye akiyageuza mtindi na samli ya kuuza mtaa wa Majengo na kwenye migahawa ya stendi.

Habari za India alizisoma mwenyewe. Alisoma jinsi watu wa vijijini huko, kila mmoja na ng'ombe wake wawili au nyati wake mmoja wa kufugwa, walivyoyaunganisha maziwa yao hadi wakamiliki viwanda. Alimsomea Zablon kwa sauti, kisha akaifunga simu, akasema anataka kwenda kusoma kwa watu hao. Zablon alidhani ni maneno ya jioni tu. Baada ya miezi kadhaa mke wake alipanda basi hadi Dar es Salaam kufanya mtihani wa kuingilia, na matokeo yalipotoka Zablon aliyasoma, akayarudia, akamwuliza kama ana hakika hayo ni ya kwake. Kilikuwa chuo kinachokataa wengi mno kuliko kinaowapokea. Sasa walitaka kumwona na kumsikia, kwa njia ya kompyuta.

Wiki zote za kujiandaa, Zablon ndiye aliyekuwa profesa. Alivaa tai, akaketi upande wa pili wa meza, akamwuliza maswali kwa Kiingereza kigumu. Alimrekebisha viambishi, akamwambia asiseme "maziwa yanaharibika" bali aseme "hasara ya baada ya uzalishaji". Kubwa zaidi, alimsihi asilete mambo ya ukoo. Wale walikuwa watu wa takwimu, alisema. Ukiwaanzishia habari za baba na mama watakuona mtu wa kijijini. Esteria aliitikia, akayashika majibu yote kichwani kama sala.

Siku yenyewe asubuhi ilikuwa shwari. Zablon alifagia sebule, akapachika kitambaa cheupe ukutani nyuma ya kiti, akampeleka Odeta kwa shangazi yake. Esteria alivaa gauni la bluu aliloshonewa kwa ajili ya ubatizo wa mtoto. Saa nane na nusu mchana nyuso tatu zikatokea kwenye kompyuta: mzee wa mvi aliyejitambulisha kama Profesa Nair, mama mwenye miwani, na kijana aliyewahi kusoma hapo hapo chuoni. Wakasalimiana vizuri. Esteria akaanza jibu lake la kwanza, lile la kujieleza, na hapo mvua ikashuka.

Ilikuwa mvua ya Machi, ile isiyotanguliwa na manyunyu. Bati likalia hadi Zablon, aliyekuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa mkewe, asisikie anachosema. Esteria akapaza sauti, akainama hadi mdomo ukakaribia kugusa kompyuta. Wale watatu wakawa wanakunja nyuso na kushika masikio. Mama mwenye miwani akaandika ujumbe kwenye kioo: hatukusikii, na leo ni siku ya mwisho ya usaili, pengine tuishie hapa.

Zablon akawaza kuhamia chumba cha kulala, lakini bati lilikuwa lile lile. Akawaza gari la jirani, lakini jirani alikuwa safarini Inyonga. Alipogeuka kumwambia mkewe waombe radhi, Esteria alikuwa ameshaandika kwamba anaomba dakika chache, ameichomoa kompyuta, ameifunika kwa kanga na anaelekea mlango wa nyuma.

"Unaenda wapi?" Zablon aliuliza kwa kelele.

"Kwa Thacienne," alijibu. "Nyasi hazipigi kelele."

Thacienne alikuwa jirani yao, mwanamke mwenye asili ya Burundi aliyekulia katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, na nyuma ya nyumba alikuwa na banda la kuuzia chakula, nguzo za miti na paa nene la nyasi lililofika karibu na mabega ya mtu. Zablon aliliwaza banda lile, moshi wake, sufuria la maharage, benchi za wateja, na kitambaa chake cheupe kilichobaki ukutani. Alitaka kumzuia. Lakini Esteria alikuwa ameshavuka ua mbio, amevua viatu, gauni amelikusanya kwa mkono mmoja, na kilichobaki kwa Zablon ni kumfuata.

Ndani ya banda mvua ilisikika kama mtu anayenong'ona mbali. Walikuwemo waendesha bodaboda wawili waliojikinga mvua wakila ugali. Thacienne alielezwa kwa maneno machache, hakuuliza la zaidi. Alisogeza sufuria, akafuta meza kwa kanga yake, akawaambia wale vijana kwamba atakayefungua mdomo asirudi kula kwake. Wakabaki na matonge mkononi, hawathubutu kutafuna. Tatizo likawa mtandao: simu iliyoipa kompyuta intaneti haikushika vizuri mle ndani. Zablon akaichukua ile simu, akasimama nayo penye uwazi wa mlango, mkono ameunyoosha nje chini ya mwavuli wa Thacienne, bega moja kavu na jingine linalowa. Akabaki hivyo hadi mwisho, na kwa sababu hiyo alisikia kila neno.

Profesa Nair aliuliza kwanza huko ni wapi. Zablon alitarajia mkewe aseme ni ofisi ndogo, au akwepe. Esteria alisema ni mgahawa wa jirani yake, kwamba nyumba yake ni ya bati na bati halimruhusu mtu kuongea wakati wa mvua, ila paa la nyasi linaruhusu. Mzee yule alicheka, akasema bibi yake aliishi chini ya paa la makuti, na kwamba hajawahi kulala vizuri tena kama alivyolala kule. Baada ya hapo uso wake ulibadilika, akaanza kazi.

Maswali yalikuja mfululizo. Maziwa yakizidi unafanya nini? Kiangazi mifugo ikihamia mbali unauza nini? Kwa nini usinunue ng'ombe wako mwenyewe? Zablon alisubiri kusikia majibu waliyoyapanga. Hakusikia hata moja. Esteria alikuwa anaongea Kiingereza chepesi chenye makosa mawili matatu, lakini alijibu kilichoulizwa. Alieleza kwamba samli ndiyo maziwa ya kiangazi, maana inakaa. Ng'ombe wake mwenyewe, alisema, wangemfanya awe mshindani wa wanawake wale wale wanaomwamini. Kijana aliuliza jambo fulani la hisa na masoko ya mitaji, na Esteria akasema hajui, kwamba hilo ni mojawapo ya yanayompeleka huko. Hakujitetea wala hakuona haya. Zablon, ambaye darasani hajawahi kutamka neno "sijui" mbele ya wanafunzi, alishangaa jinsi neno hilo lilivyompa mkewe heshima.

Kisha mama mwenye miwani akasogea mbele. Alisema biashara ya namna hiyo inasimama juu ya uaminifu. Je, siku anayekuletea maziwa yenye maji ni ndugu yako, unafanya nini?

Zablon alijua kinachomjia mkewe kichwani na akaomba kimoyomoyo asikiseme. Ni jambo ambalo ndani ya ukoo lilikuwa halizungumzwi.

"Limeshanitokea," alisema Esteria. "Alikuwa baba yangu."

Akaeleza. Mwaka wa pili wa kazi yake, asubuhi moja mbele ya akina mama wote, alichovya kipimo ndani ya dumu la mzee Malale kama alivyofanya kwa kila dumu, na kipimo kikazama kupita alama, ishara ya maziwa yaliyotiwa maji. Mzee mwenyewe alikuwepo, amekaa juu ya baiskeli yake. Nani alitia maji, Esteria hajui hadi leo, pengine wachungaji, pengine mke mdogo wa mzee. Wanawake wote walimtazama waone atafanyaje. Alilifunga lile dumu, akamrudishia baba yake kwa mikono miwili, akapiga goti, akamwambia kwamba maziwa haya hayawezi kupokelewa. Mzee akalifunga dumu kwenye baiskeli, akaondoka.

Profesa Nair aliuliza kwa upole ilimgharimu nini.

"Baba hakukanyaga kwangu mpaka mpunga ukavunwa," alisema Esteria. "Mtoto wangu alikuwa akimwulizia. Halafu asubuhi moja dumu lake likaja, maziwa safi. Hatujawahi kuliongelea. Ila nilisikia kwamba aliwaambia wazee wenzake kipimo cha binti yake hakina baba, na tangu hapo hata waliokuwa wanasita wakaanza kuleta."

Zablon aliujua mwanzo wa habari ile, mwisho wake hakuujua. Hakujua kwamba miezi ile yote, mke wake alipokuwa anarudi na kupika na kucheka naye, alikuwa amebeba hicho. Akaunyoosha zaidi mkono ulioshika simu.

Lilibaki swali moja. Mama mwenye miwani aliuliza, kama wakimchukua, kitakachomwia kigumu zaidi ni nini. Zablon alitarajia aseme lugha, au hesabu, au baridi.

"Mume wangu amesimama mlangoni ameshika simu ili nyie mnisikie," Esteria alisema bila kugeuka. "Ameloa upande mzima. Kigumu ni kumwacha yeye na mtoto. Mengine nitajifunza."

Profesa Nair akamshukuru, akasema watamjulisha, nyuso zikazimika. Wale vijana wa bodaboda wakakumbuka kutafuna. Thacienne akampakulia Esteria maharage bila kuulizwa, na yeye akakaa akala kwa njaa ya mtu aliyefunga. Zablon aliingia ndani, maji yakimchuruzika kwenye shati lake la pasi. Alitaka kumwambia mambo mengi kuhusu majibu yale ambayo hakuyafundisha yeye. Alichoweza kumwambia ni kwamba amejibu vizuri kuliko mwalimu wake, kisha akaketi kando yake kwenye benchi.

Jibu lilikuja kabla ya Pasaka. Alikuwa amechukuliwa, na chuo kitamlipia masomo. Esteria alilisoma akiwa amesimama katikati ya madumu, akamwonyesha Hilaria, msichana ambaye yeye Esteria alimfundisha kazi na ndiye angebaki na kipimo, kisha akaendelea kupokea maziwa kwa sababu foleni ilikuwa bado ndefu.

Jumapili walikwenda Mwamkulu kumwambia mzee Malale. Zablon ndiye aliyeeleza, maana Esteria alisema mdomo wake umekuwa mzito. Alieleza kuhusu chuo, umbali, miaka miwili, na kwamba yeye na Odeta watabaki Makanyagio na wataweza. Mzee alisikiliza akitazama zizi. Kisha akauliza kama huko India kuna ng'ombe.

Zablon alimwambia wapo wengi sana, na kwamba amesoma wengine hutembea barabarani mjini na magari huwapisha.

Malale alilipima hilo.

"Basi aende," alisema. "Hao watu watamwelewa."

Akainuka, akaingia zizini, akatoka na kibuyu cha maziwa. Alimpa Esteria kwanza, kabla ya mkwe wake, jambo ambalo Zablon hakuwahi kuliona likifanyika katika boma lile. Esteria alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akanywa. Zablon alisimama pembeni akimwangalia, na akaona kwamba hakuwa na wivu wala huzuni, bali furaha ya mtu aliyepewa kuishi karibu na kitu kikubwa na ndiyo kwanza anaanza kukijua.