Wimbo Usiolimika

Mwaka ule waliposema soko huria, ushirika ukafa, wanunuzi wa pamba wakaja na mizani yao, mwanangu Luhaga alirudi kijijini kwetu Sapiwi kutoka Mwanza na kanda yake ya kwanza. Nyimbo nane, zote katunga yeye, gitaa kapiga yeye.

Mimi nilikuwa nasubiri mmoja tu, wa mama yake. Mke wangu Nyanjige alifariki mwaka uliotangulia, palizi haijaisha. Zahanati waliandika dawa kwenye karatasi, wakasema nendeni mkanunue, na pesa hatukuwa nayo. Wakubwa walioamua dawa zinunuliwe wana majina. Kwetu Usukumani manju, mtunzi wa nyimbo, akimwimba mtu anamtaja, na baba yake anamtaja, mpaka mtu ahame kijiji. Nilimwambia Luhaga kabla hajaenda kurekodi: "Wataje."

Na kwetu wimbo haupimwi kwa masikio, unapimwa kwa jembe. Zamu ya kikundi kulima shamba langu ilipofika, tukaweka redio kwenye tuta, watu kumi na wawili wakajipanga kwenye pamba. Nyimbo za mwanzo zikaenda vizuri, majembe yanashuka pamoja. Ukaja ule wa mama yake. Pigo moja, kimya. Pigo moja, kimya. Majembe yakapotezana, la Benedikta likagonga la jirani yake.

"Luhaga!" Mboje akapaza sauti kutoka mstari wake. "Huu wa kulima au wa kubembelezea mtoto? Mpaka uishe magugu yameota tena!"

Watu wakacheka, wakaenda zao kunywa uji. Wimbo ukaisha hajatajwa mtu. Nikazima redio.

"Umeogopa nini? Hata diwani hukumtaja?"

"Sikuogopa, baba. Ule ni mwendo wa mayu, wa mama. Palizi ile ya mwisho nilikuwa nyuma yake. Jembe lake lilikuwa linashuka hivyo."

Palizi ile mimi nilikuwa mbele. Niligeuka nikamwambia mke wangu, watu wote wanasikia: changamka, unatuchelewesha. Luhaga alisikia. Na mimi nina jina, na baba yangu ana jina.

"Mbona mimi hukunitaja?"

Akainama, akaanza kung'oa gugu kwa mkono. "Washa redio, baba."

Nikarudisha kanda nyuma, nikashika jembe, nikaingia mstari wangu. Pigo moja, kimya. Kumbe kulima hivyo mgongo unauma kuliko kulima haraka. Wakubwa sijawasamehe, wala sitawasamehe. Lakini mstari ule niliumaliza kwa mwendo wa Nyanjige.