Fundi Aliyeshindwa na Gari la Shigezo

Theluji ilikuwa bado haijayeyuka nyuma ya nyumba wakati gari la Shigezo Umezu lilipoanza kugoma asubuhi. Lilikuwa gari jeupe, la zamani, na mwenyewe alilifuta kwa kitambaa kila siku kabla hajanywa chai. Lilipokataa kabisa kuwaka, aliliachia breki juu ya mteremko, likashuka lenyewe hadi mlangoni pa gereji ya Kanji Tadokoro, naye ndani akipiga honi.

"Breki ni nzima," alisema akishuka. "Hayo mengine ni kazi yako."

"Ungeniua, mwehu wewe!"

"Ningekugonga ungenyooka mgongo. Jitazame ulivyopinda, kama ndoano."

Wazee hawa wawili walisoma darasa moja, na tangu utoto hawakuwahi kusemezana kwa upole. Kanji alikuwa na fahari moja: hakuna gari lililoingia gereji yake likiwa bovu likatoka likiwa bovu. Bonde letu zima tulilijua hilo, na yeye alihakikisha hatulisahau.

"Nalitaka kesho," Shigezo alisema. "Sayo hali bila mimi."

Sayo, mkewe, alikuwa ng'ambo ya mlima katika nyumba ya kutunzia wazee, tangu kiharusi kilipompoozesha upande mmoja. Wauguzi wakimlisha, anafumba mdomo. Kijiko akikishika Shigezo, anamaliza bakuli. Na basi la kwenda huko lilipita mara mbili tu kwa wiki.

Shigezo alipoondoka, Kanji alifungua boneti. Betri nzima, plagi safi, lakini stata ya kuwashia injini iligonga mara moja ikanyamaza. Akazifuata nyaya kwa vidole hadi akaukuta ule waya mnene unaounganisha injini na bodi la gari. Kutu ilikuwa imeula, zimebaki nyuzi chache. Kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Alikuwa ameshachukua waya mpya rafuni pale alipoingia Chizuru, binti wa Shigezo, aliyekuja kutoka Hiroshima. Aliinama sana kwa heshima, na hakuinuka.

"Inuka, mwanangu. Kuna nini?"

"Mzee Kanji, naomba usilitengeneze."

Wiki iliyopita, alieleza, baba yake alipita kwenye taa nyekundu mbele ya shule, watoto wakarukia mtaroni. Yeye hakuwaona. Alisimama mbele kidogo, akamwuliza mwalimu njia ya kwenda nyumbani kwake mwenyewe.

"Nimemwambia arudishe leseni. Amesema nimzike kwanza. Daktari naye hamsikii. Lakini wewe ukisema gari limekufa, ataamini."

"Unajua unachoniomba? Niseme nimeshindwa. Kwa sababu ya waya mmoja!"

"Najua, mzee."

"Na mama yako atalishwa na nani?"

Chizuru alifunika uso kwa mikono miwili.

"Mimi nitampeleka," Kanji alisema.

"Nimeshamwambia atafute wa kumpeleka. Anasema yeye si gunia la mchele, hapakiwi."

Kanji aliutazama ule waya mkononi. Kisha akaurudisha rafuni.

Kuanzia hapo Shigezo alifika kila asubuhi. Siku za basi alipitia tu, kisha akaenda kwa Sayo. Siku nyingine alikaa gerejini akinung'unika kwamba mke wake anakonda.

"Limepona?"

"Bado."

"Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Hawakukuona wewe."

"Ni la zamani hili. Vipuri vyake havipatikani."

"Hata wewe ni wa zamani, mbona bado unakula?"

Kanji aliifungua stata, akaipanga mezani, akaifunga tena, ili aonekane anahangaika. Siku ya sherehe ya masika, watu wote walipokuwa hekaluni na ngoma zikilia, alishindwa kuvumilia. Alifunga waya mpya, akageuza ufunguo. Gari liliwaka mara moja. Aliegemea usukani, akasikiliza injini ikinguruma taratibu, bila kukosea. Halafu akalizima na kuufungua waya ule.

Habari ilienea. Dukani walisema Kanji kwisha, mikono imekufa ganzi. Mmoja wetu, aliyekuwa mteja wake tangu ujana, alipeleka gari lake mjini, na alipopita mbele ya gereji alitazama upande mwingine.

Kisha asubuhi moja Shigezo alikuja, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, asitoe hata tusi moja. Kanji akaogopa.

"Mwenye duka ananiambia nilipeleke mjini," Shigezo alisema. "Eti kule wana kompyuta, nitaondoka nalo siku hiyo hiyo."

Kanji aliweka spana chini. Mjini wangeuona ule waya mara moja.

"Ukasemaje?"

"Nimemtukana, yeye na kompyuta yake. Likiwaka kule, bonde zima litasema nini juu yako?" Alikohoa. "Kanji, usione haya. Mikono inachoka. Mimi pia siku hizi kuna vitu vinanipotea. Juzi nimesimama jikoni nikilitafuta jina la Sayo, hivi hivi, kama mtu anayetafuta miwani."

"Shigezo, sikiliza. Hili gari..."

"Limekufa. Nimekubali. Na life hapa hapa, mikononi mwako, siyo kwa wageni." Alitoa leseni mfukoni, akaiweka mezani kati ya spana. "Mpe Chizuru. Sitaki anione nikimpa."

Kanji alifungua mdomo. Akilini aliwaona wale watoto mtaroni, akaufunga.

"Kesho si siku ya basi," alisema baadaye. "Nina lile gari langu la mizigo."

"Haya, nipeleke. Na wewe upate cha kufanya."

Kesho yake walivuka mlima. Sayo alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. Shigezo alikaa kando ya kitanda, akapuliza uji, akampa kijiko cha kwanza, na Sayo akakipokea. Muuguzi kijana alimwuliza Shigezo mgeni wake ni nani.

"Huyu ni Kanji," Shigezo alisema bila kugeuka. "Alikuwa fundi bora katika bonde letu. Msimwulize habari za magari, inamuuma."

"Pole sana, mzee," muuguzi alisema.

"Asante," Kanji akajibu, akainamisha kichwa. Kisha akamshikia Shigezo bakuli, ili mwenzake apate mkono wa kumfuta Sayo kidevu.