Swali la Mwisho la Gélase

Vita vilimtoa Gélase chuo kikuu cha Bujumbura akiwa mwaka wa tatu, na hapa kambini Dzaleka akabaki mwaka wa tatu huohuo. Mimi Feruzi, muuza samaki wakavu, nilimwita Profesa. Alinuna, lakini aliitika.

Mteja wake alikuwa Bwana Kadzuwa wa Area 47, Lilongwe, mtu wa ofisini aliyekuwa akisoma kwa posta na chuo kimoja cha Uingereza. Insha zake zote aliziandika Gélase, akinisomea kwa sauti nikiwa napanga samaki. Kadzuwa kazi yake kuzipiga chapa. Kila insha iliisha kwa swali.

"Bapadri ba seminari njo balitufundisha hivi," Gélase aliniambia. "Ukimaliza bila kuuliza kitu, banakupiga zero."

Malipo yalikuwa ahadi: mwalimu wa chuo kile akifika Malawi, Kadzuwa angemwombea Gélase nafasi ya kusoma.

Mwalimu akaja mwaka wa tisini na sita. Tulipanda lori kwenda nyumbani kwa Kadzuwa, Gélase kavaa koti langu la harusi.

"Profesa, usilitoe jasho. Mi bado natafuta bibi wa pili."

Kadzuwa hakuvunja ahadi. Alimtambulisha, hata akamsifu. Mimi nilibaki barazani karibu na dirisha, na Kiingereza changu cha sokoni kilinitosha. Mwalimu, mama wa Kizungu, alikuwa mpole kweli. Alimpa karatasi aandike ukurasa mmoja, jambo lolote. Gélase akaandika bila kuinua kichwa.

Mama akasoma mpaka mwisho, akatabasamu kwa huruma.

"Naona umesoma insha za Bwana Kadzuwa."

"Ndiyo, mama."

"Hata swali la mwisho ni lake. Kumpenda ni vizuri, lakini usimwige. Nataka kukusikia wewe."

Kadzuwa akakoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. Mimi moyoni napiga kelele: sema, Profesa! Lakini akisema, Kadzuwa anafukuzwa, na yeye mwenyewe nani atampokea, mtu aliyeandikia wengine kwa siri?

Akaomba karatasi nyingine. Safari hii aliandika polepole, anafuta, anarudia, kama mtu mwenye miguu mizima anayejifunza kuchechemea. Sentensi fupi. Swali hakuna.

"Sasa huyu ndiye wewe!" mama akafurahi. "Hujafika bado, ila ni mkweli. Jaribu tena mwakani."

Kwenye lori la kurudi nilitafuta mzaha, nikakuta mfuko mtupu. Gélase ndiye aliyeanza.

"Kadzuwa amenishika mlangoni. Insha ya mwisho anaitaka Ijumaa."

"Na we utamwandikia?"

Alivua koti langu, akalikunja vizuri, akaniwekea mapajani.

"Nitamwandikia. Lakini atakayeandika ni yule wa karatasi ya pili. Lile swali, Feruzi, mi nabaki nalo. Mwakani nitalihitaji."