Vipande vya Rangi Nyekundu

Bosi alisimama nyuma ya kiti changu, akakinyooshea kidole kioo cha kompyuta. "Si unaona? Kijani. Rangi haileti saratani. Bonyeza 'idhinisha', twende zetu."

"Sibonyezi ng'o."

Kazi yangu katika kiwanda chetu cha rangi na vitambaa ni moja: naichorea kompyuta kemikali, nayo inakisia kama inaweza kuleta saratani au kuharibu chembe za urithi; kijani ni salama, nyekundu ni hatari. Miaka yote tumeingiza kila rangi kama ilivyo ndani ya kopo. Ujinga mtupu! Kwani mwili ni kopo? Rangi hii nyekundu ikiingia mwilini inavunjwa vipande viwili. Asubuhi ile nilivichora vipande hivyo, kila kimoja peke yake, na kimoja kikawaka nyekundu. Nilishikwa na hofu, halafu hasira. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye anayechovya vitambaa kwenye rangi hiyo kutwa nzima, mikono mitupu.

Nikamwonyesha bosi kipande hicho kwenye kioo.

"Vipande hatuuzi," akasema. "Tunauza rangi. Au unataka kumwaga unga?"

"Na umwagike! Ipelekwe maabara ikapimwe. Mpaka majibu yatoke, mtu asiiguse."

"Nisimamishe kazi kwa makisio tu?"

"Mbona kwa makisio ya kijani unaiendesha?"

Akanisukuma kando, akabonyeza mwenyewe. Nikashuka ngazi mbio hadi chumba cha rangi.

Wifi alikuwa anakamua kitambaa. "Ehee, mama kompyuta! Leo imekwambia nini, nitazaa mapacha?"

Nikamweleza yote. Wenzake wakasogea kusikiliza. Utani ukamwisha.

"Wewe umemjibu nini?"

"Nimekataa."

"Atakufukuza, wifi."

"Anifukuze."

Akafyonya, akaenda ukutani, akafunga bomba la rangi. Wenzake wakaweka vitambaa chini.

Haikuchukua muda, bosi akaingia anahema. "Nani kafunga bomba?"

"Mimi hapa," wifi akasema. Akamwendea, akamnyooshea mkono, mwekundu hadi kwenye kiwiko, unachuruzika rangi. "Si umesema ni salama? Haya, nipe mkono basi."

Chumba kizima kikamtazama. Bosi akatia mikono mfukoni.