Sumaku Nilizozika Jivuni

Kuresoi nzima hakuna mwanamke anayejua kudanganya kama mimi. Nimemdanganya chifu, nimemdanganya pasta, na daktari wa ng'ombe nimemdanganya mara mbili. Kitu kidogo tu ambacho sijawahi kufaulu ni kuaminiwa. Chifu alicheka, pasta akaniombea, na yule daktari siku hizi akija kwangu anamuuliza ng'ombe mwenyewe.

Kwa hivyo ningejua, nisingejaribu kwa mume wangu.

Kipchirchir alikuwa bawabu wa shule huko Molo. Alipostaafu wenzake walibeba blanketi na sufuria. Yeye alikuja nyumbani na gunia la kompyuta zilizokufa. Kumbe ndani ya kila moja kuna visumaku viwili vinavyong'aa, na ukiweka kidole katikati yake utaita mama yako. Nguzo za stima zilikuwa zimetupita zikaenda kwa watu wengine, naye akasema atajitengenezea yake, ndani ya stoo ya viazi, karibu na mfereji.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini alinieleza mpaka nikaelewa. Kwenye jenereta zingine sumaku huzungushwa. Kwenye yake sumaku zimetulia na waya uliosokotwa umetulia. Kinachozunguka ni chuma chenye meno, kinasukumwa na maji. Jino likisimama mbele ya sumaku, nguvu yake inapata njia ya kupita katikati ya waya. Jino likiondoka, nguvu inageuzwa njia nyingine. Huko kugeuzwageuzwa ndiko kunaleta stima.

"Ni kama geti la boma," akaniambia. "Fungua, funga, fungua, funga."

"Na mimi ni geti ama ng'ombe?" nikamuuliza.

Nilimcheka miaka minane. Kanisani nilimwita Kampuni, kama ile ya stima, na jina likashika, hata watoto wakawa wanamsalimia, "Habari ya asubuhi, Kampuni." Anajibu, "Nzuri," anashika njia yake. Hakuwahi kuniambia niache. Natamani angeniambia.

Mwaka huu mashine iliisha kutengenezwa wiki ileile aliyoitwa hospitali Nakuru. Moyo ulitaka kupasuliwa, na madaktari walitaka alale huko wiki mbili kwanza, wamwangalie.

"Mama Jerotich," akaniambia akifunga begi, "kesho fungua maji, na usiyafunge. Taa iwake mchana na usiku mpaka siku wanipasue. Nataka kuingia mle ndani nikijua kama nilikuwa mjinga au sikuwa."

"Na viazi vyangu? Taa ikivikalia vitageuka kijani, nani atakula?"

"Funika magunia. Hilo moja la chini ya taa liache, tutafanya mbegu."

Kesho yake nikafungua maji. Chuma kikaanza kuzunguka kikiimba kwa pua, na ile balbu ikawaka. Haikupepesa. Niliona mpaka vumbi la mikono yangu. Niligeuka nitafute mtu wa kumcheka, nikakuta niko peke yangu, nikakaa juu ya gunia.

Nikampigia simu. "Baba Jerotich, inawaka!"

"Usinichezee leo."

"Haki ya Mungu inawaka!"

Akasema, "Asante," kama vile ni mimi nimeitengeneza.

Iliwaka siku mbili. Ya tatu mvua ikapita kwenye mabati, ikailowesha mashine yote. Sasa, Kipchirchir alikuwa amenionya kwamba zile sumaku zikichubuka zikapata maji, kutu inazimaliza. Nikafunga maji, nikazitoa moja moja kwa kijiti cha kukoroga uji, nikazifunga kwa kitambaa, nikazizika kwenye jivu la moto, pale ninapochomea viazi, zikauke vizuri. Nilijisifu kabisa. Nilisema leo ataona nilikuwa nasikia akiongea.

Asubuhi kitambaa kilikuwa kimeungua. Nikazirudisha. Maji yakaja, chuma kikaimba, na balbu ikaniangalia tu. Nikachukua msumari nikaugusisha sumaku. Msumari ukaanguka.

Msichana wetu Jerotich anafundisha sayansi Naivasha. Nikampigia.

"Mama, umezipika," akasema. "Hizo zikipata moto mwingi nguvu inaisha, na zikipoa hairudi. Mwambie baba."

"Akishapasuliwa."

"Mama!"

"Nimesema akishapasuliwa."

Ningemwambia nini? Nimemcheka miaka minane. Nikisema mashine imezima, angesikia kile kicheko changu. Hangesikia neno lingine. Basi kila jioni akipiga simu na kuuliza, "Inawaka?" najibu, "Inawaka." Siku nyingine naongeza kwamba imenivutia vipepeo. Nimekaa gizani na kibatari, namhesabia vipepeo.

Siku moja kabla ya upasuaji nilishuka Nakuru. Nilimbebea viazi vya kuchemsha na maganda yake, kwa sababu alikuwa analia na chakula cha huko. Nilimkuta amepungua, lakini macho yanacheka.

"Nimemwambia daktari," akasema. "Nimemwambia nina mashine haijazima siku kumi na nne. Ameandika hata jina langu, ati atakuja kuiona."

"Kula kwanza."

"Hivi umevitoa gunia gani?"

Mimi nikianza uongo sina breki. "Lile la chini ya taa," nikasema. "Nimevichagua kimoja kimoja, usiku wa manane, kwa mwanga wako."

Akaacha kutafuna. Akachukua kiazi kingine, akakimenya kwa ukucha polepole, upande huu na upande ule, akakiinua kwenye dirisha. Mimi nikaanza kukunja kitambaa cha chakula, nikakikunjua, nikakikunja tena.

"Cheupe," akasema.

"Viazi vya shangi vya mwaka huu ni vigumu, hata jua..."

"Siku kumi na nne chini ya taa, Mama Jerotich, na kiko cheupe kama jino." Akakirudisha ndani ya kibakuli taratibu, kama kitu cha wenyewe. "Ungeniambia tu kwamba haikuwahi kuwaka."